Kaburi Lililonyooka

Jumatatu, 10 Januari 1994

Tumefungua msimu. Maji ya bamvu, bahari ikiwa imejaa kabisa, yaliingia alfajiri, Mzee Hatibu akiwa amesimama kwenye mlango wa maji na nyundo yake mkononi kama kila mwaka, na jua lilipochomoza bwawa kubwa lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Kaskazi inavuma kavu. Ikiendelea hivi, maji yatakauka upesi na majaruba yatakuwa meupe kwa chumvi kotekote.

Bwana Aslam Esmailji amekuja na pikapu yake kuangalia. Ni mtu wa adabu, siwezi kumsingizia. Kiwanda hiki cha chumvi cha Tongoni alikinunua kutoka shirika la umma mwaka jana: ghala bovu, mikokoteni mibovu, na sisi wenyewe humo humo. Bado ananiamkia shikamoo kwa kuwa nimemzidi umri, ingawa yeye ndiye anayenilipa. Alinichukua pembeni akanieleza bila kuzunguka. Siku hizi ni ruksa, kila mwenye uwezo analeta bidhaa kutoka nje, na maduka ya mjini yamejaa chumvi ya paketi, laini, yenye madini joto, kwa bei ambayo sisi hatuiwezi. Ghala likijaa kabla ya masika, ana mnunuzi wa jumla na tutaendelea. Lisipojaa anafunga, kila mtu ashike njia yake.

Sikuona faida ya kuwaficha watu. Niliwakusanya bandani nikawaambia vile vile nilivyoambiwa. Hakuna aliyesema kitu ila Beatrisi, mama wa Kibondei anayeshona magunia na kuongoza wabebaji, ambaye aliuliza kama ghala ni lile lile au limekua. Watu wakacheka, wakaenda kazini. Mimi sikucheka. Shirika lilipokuwa linakufa lilitukalisha miezi bila mshahara, nikawaona wanaume wazima wakiezua mabati ya nyumba zao wakayauze. Sitaki kuyaona tena, safari hii mimi nikiwa ndiye msimamizi.

Jumatano, 12 Januari

Jua. Miguu ya watu imeanza kupasuka kwa chumvi. Nimeagiza mafuta ya nazi.

Jumanne, 18 Januari

Leo nimegomba, na nimegomba na wale wale wawili.

Shekhe ni Mzigua wa upande wa Pangani, mfupi, mwepesi, hakuna anayemshinda kukwangua jaruba. Jina lake limewaponza wengi. Wageni humwomba dua. Zebedayo ni Mnyamwezi. Babake aliletwa huku kukata mkonge, mkonge ukamalizika naye akabaki. Mzigua na Mnyamwezi ni watani, wana haki ya kutukanana tangu kabla sisi sote hatujazaliwa, na hakuna wa kukasirika. Mmoja anakwangua, mwenzake anabeba karai, na kuanzia asubuhi mpaka jioni midomo yao haipumziki.

Leo habari ilikuwa maziko. Zebedayo alipita na karai kichwani akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlango wa maji: "Wee Mzigua, ukifa n'takuzika na gunia. Tena lile lenye tundu. Sanda ni ya watu."

Shekhe hakuinua hata kichwa. "Kaburi utachimba wewe, na utalichimba kombo kama unavyotembea. Mie sitalala humo. N'tatoka niende zangu."

Basi jaruba zima likasimama kucheka, chumvi ikasimama nayo. Niliwaambia kwamba ghala halijazwi kwa mdomo. Zebedayo akaniomba radhi kwa heshima zote, akasema kosa ni la maiti.

Sisi wa asili ya Kiarabu, wenye majina kama langu, hatuna mtani. Marehemu baba alikuwa na mashamba ya minazi huku Mtang'ata, na sikumbuki mtu aliyethubutu kumchezea hata kofia. Huenda ndiyo sababu mambo haya yananichosha. Nikiyasikia, naona muda unapotea.

Jumamosi, 29 Januari

Bamvu lingine limeingia vizuri. Ghala lina chumvi, lakini ukisimama mlangoni unaona ukuta wa nyuma wote.

Alhamisi, 10 Februari

Leo watu wamevunja jungu, maana mwezi wa Ramadhani unakaribia kuandama. Beatrisi alipika wali wa nazi bandani, na Zebedayo, ambaye hafungi, alikula kuliko wote. Alisema anamfungia Shekhe tumbo la akiba. Nami nilikula, nikiwaza jinsi watu watakavyokwangua chumvi juani bila tone la maji.

Jumamosi, 12 Februari

Ramadhani ya kwanza. Nimepanga zamu, na nadhani nimepanga vizuri.

Waliofunga watakuja mara baada ya sala ya alfajiri, wafanye kazi mpaka jua litakapokuwa kali, wapumzike, warudi alasiri. Wasiofunga, akina Zebedayo na Beatrisi na wenzao, watashika mchana. Hakuna atakayeanguka kwa kiu, na majaruba hayatakaa bure. Mzee Hatibu alisikiliza akasema miaka yote walikuwa wakienda taratibu, lakini pamoja. Nilimwambia miaka yote hapakuwa na mtu wa kutufungia.

Alasiri Zebedayo alikuja kunilalamikia kwamba nimemtenga na Mzigua wake. Aliniuliza nani sasa atamkumbusha Shekhe kwamba ana njaa. Nilidhani ni yale yale, nikamwambia arudi kazini.

Jumatano, 23 Februari

Mpango umekubali. Ukuta wa nyuma wa ghala hauonekani tena. Bwana Aslam alikuja, akafurahi, akaleta tende kwa waliofunga na sukari kwa wengine. Aliniuliza nilijifunza wapi kuongoza watu. Nilijisikia vizuri, kwa nini niandike uongo.

Na majaruba yametulia. Husikii ila reki na chumvi.

Jumapili, 6 Machi

Jua. Kazi.

Jumatatu, 14 Machi

Idi. Nilikuwa nyumbani Mabawa, nimeswali, nimekula, nimelala mchana kama mtoto. Zamu ya mchana niliiacha kazini, kwa kuwa Idi si yao na jua lilikuwa zuri.

Jioni mke wangu Turkiya aliniuliza kama mwaka huu yule Mnyamwezi alikwenda kukalia mlango. Nilikuwa nimesahau. Kila Idi, Zebedayo huenda kwa Shekhe, hukaa kwenye kizingiti, na hakuna anayeingia wala kutoka mpaka apewe ukoko wa pilau. Hata Turkiya huku mjini anaijua habari hiyo. Nilimjibu kwamba mwaka huu alikuwa kazini. Akaendelea kutoa vyombo.

Jumatano, 16 Machi

Mfungo umekwisha lakini zamu nimeziacha vile vile. Chumvi inayoingia sasa hatujapata kuipata wakati wa shirika. Beatrisi aliuliza lini watu watarudishwa pamoja. Nimemwambia baada ya msimu.

Ijumaa, 18 Machi

Shekhe anakohoa. Nilimwambia akapumzike siku mbili tatu. Alisema akipumzika, Mnyamwezi atapata la kusema, kisha akatazama upande wa banda, kana kwamba anangoja jibu. Zebedayo hakuwapo. Zamu yake ilikuwa haijafika.

Jumapili, 20 Machi

Manyunyu ya kwanza. Tumefunika marundo kwa makuti. Kilichopotea si kingi. Mawingu yamekaa upande wa bahari na hayaondoki.

Jumanne, 22 Machi

Shekhe hakuja. Ana homa. Shemeji yake alimpeleka zahanati, wamerudi na dawa. Nimesema nitapita kumwona kesho.

Jumatano, 23 Machi

Sikupita. Mvua ilinyesha asubuhi, tukashinda na makuti.

Alhamisi, 24 Machi

Shekhe amefariki.

Shemeji yake alikuja kazini kabla zamu ya asubuhi haijashika reki. Hakuhitaji kusema. Mzee Hatibu aliitupa nyundo yake chini akakaa kwenye ukingo wa bwawa, akarudia inna lillahi mpaka sauti ikamkauka. Maziko yalipangwa baada ya sala ya adhuhuri, hapo hapo Tongoni.

Nami niliinua macho nikatazama juu. Hilo ndilo nililolifanya, na lazima niliandike kama lilivyokuwa. Kabla sijamlilia mtu aliyenifanyia kazi miaka yote ile, nilitazama mawingu. Yalikuwa meusi kutoka Pangani mpaka kwetu. Majarubani palikuwa na marundo ya wiki nzima, hayajabebwa. Ikinyesha mvua ya kweli juu yake, ghala halijai, na lisipojaa hakuna mwenye kazi hapa.

Zamu ya mchana nayo ilikuwa imeshafika, maana habari ya kifo haingoji saa. Walikuwa wamesimama nje ya banda, Beatrisi amejitanda kanga kichwani tayari kwa msiba, Zebedayo ameshika jembe. Nikaamua. Waislamu wote niliwaambia watangulie kuzika, nami nitawafuata. Walipokwisha kuondoka, nikawaambia waliobaki wabebe chumvi mpaka ya mwisho. Nilisema kwa upole. Niliona nimepata njia ya kuheshimu maiti na kuokoa kazi kwa wakati mmoja. Mpango wa zamu ulikuwa umenizoesha kuwaona watu wangu mafungu mawili, na leo mafungu yalikuwa yamejigawa yenyewe.

Zebedayo akauliza: "Na mie?"

"Na wewe baki. Wewe ndiye mwenye nguvu kuliko wote."

Alinitazama. Nilingoja atoe neno, kwa kuwa hajapata kukosa neno. Akaliegemeza jembe ukutani, akachukua karai, akaenda.

Nilijua kwamba kwetu hapa anayefiwa huzikiwa na wote. Nilipozika mama, Beatrisi alipika siku tatu nyumbani kwangu. Nilijua pia kwamba mtani ana kazi yake kaburini. Yeye ndiye hushika jembe, huwachekesha wafiwa wasije wakaanguka, na hujilaza kaburini akatae kutoka mpaka akombolewe. Yote hayo nilikuwa nayajua. Nilijiambia kwamba chumvi haijui hayo.

Maziko yalikuwa mazito. Watu walichimba kimya. Mzee Hatibu alikuwa akisimama na kutazama njia, kisha anainama tena. Tulipomteremsha Shekhe, kakake alisita mdomoni mwa kaburi akauliza mtani wake yuko wapi. Hakuna aliyemjibu. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake, nami sikumjibu. Tukafukia. Kaburi lilikuwa limepimwa vizuri na kuchimbwa vizuri, na sijapata kuona maziko ya watu wetu ambayo hapakuwa na hata mtu mmoja wa kusema neno la kipuuzi.

Mvua ilianza wakati wa talkini. Tulirudi kazini tumelowa. Majaruba yote niliyoyaagiza yalikuwa meusi, chumvi yote iko ghalani, hata punje haikupotea. Zebedayo na wenzake walikuwa wamekaa bandani, wamelowa kama sisi, mabega yamechubuka. Niliwashukuru. Wakaokota makarai yao wakaenda zao.

Ijumaa, 25 Machi

Mvua mpaka adhuhuri, kisha jua. Yamebaki majaruba ya mbali, yale ya upande wa mikoko, ambayo chumvi yake ilikuwa haijakauka. Tukiyapata hayo, ghala linajaa.

Jumamosi, 26 Machi

Kazi haiendi. Zamu nimezifuta, nimewarudisha wote pamoja, lakini wanakuja mafungu mawili na kukaa mafungu mawili. Anayekwangua anajaza karai na kulitua chini. Anayebeba analiinua kutoka chini. Hawapokezani mkononi.

Jumapili, 27 Machi

Khitma ya Shekhe. Zebedayo hakuja, wala Beatrisi, wala yeyote wa kwao. Nilisikia kwa masikio yangu watu wakisema ukumbini kwamba Mnyamwezi alijidai mtani wakati wa kula pilau, na wakati wa jembe akaona bora chumvi. Mjane, Bi Mwanatumu, alinitumia salamu kutoka ndani kwa mdomo wa Mzee Hatibu. Anauliza wamemkosea nini Zebedayo.

Nilikula wali wa msiba nikaondoka. Sikusema kwamba mimi ndiye niliyemzuia. Njiani nilijichukia.

Jumatatu, 28 Machi

Beatrisi amekuja ofisini, akafunga mlango, akanisema. Ni mdogo kwangu, na kwa kawaida hunipa heshima yangu yote, lakini leo alinisema kama dada mkubwa. Alisema Zebedayo anapita njiani na watu wanageuza nyuso. Wanawake wa Tongoni wamekataa kumuuzia mkewe samaki. Na yeye mwenyewe amewakataza wenziwe wasitaje ni nani aliyewazuia, kwa sababu, anasema, watu wakijua hawatamsikiliza tena msimamizi, na msimamizi asiposikilizwa ghala halijai.

"Amekubeba, Bwana Hisham," aliniambia. "Siku ngapi atakubeba?"

Nimekaa hapa tangu alipoondoka. Mimi nilidhani naongoza watu, kumbe yule niliyemwona mpiga porojo ndiye aliyekuwa ameshikilia kazi yote isianguke. Nimeona aibu.

Jumanne, 29 Machi

Nimekwenda nyumbani kwa Zebedayo. Alikuwa anatengeneza mlango wa banda la kuku. Mkewe alinipa kiti, akaingia ndani. Nilimwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho, msumari uko mdomoni, kisha akautoa.

"Mie nilimwahidi kumchimbia kombo," alisema. "Mbele ya watu wote nilimwahidi, kila siku ya Mungu. Nipeleke nikaone walivyomchimbia."

Niliuliza lini. Akasema kesho, wote, tena asubuhi. Nilimwambia kesho tuna jua, huenda ndilo jua letu la mwisho. Akasema ndiyo maana.

Jumatano, 30 Machi

Jua lilitoka safi kama nilivyosema. Majaruba ya mikoko yalikuwa yamekauka, chumvi inang'aa, ingetosha siku moja ya kazi kuimaliza. Na Bwana Aslam, kama aliyeitwa, alifika na pikapu yake mapema kuja kuona ghala linavyojazwa.

Nilimwambia asubuhi hii hatufanyi kazi, tunakwenda kaburini kwa Shekhe. Akatazama anga, akatazama saa, akaniuliza taratibu kama haiwezekani jioni. Nikasema haiwezekani. Akaniuliza kama nakumbuka tulichoongea mwezi wa kwanza. Nikasema nakumbuka. "Basi likitokea la kutokea ni juu yako, Mzee Hisham," alisema, akaingia garini akafunga mlango.

Tulikwenda sote, pamoja na Mzee Hatibu na nyundo yake. Wanawake walielekea nyumbani kwa Bi Mwanatumu. Wanaume tulifika makaburini, na kaka na shemeji wa Shekhe walikuwa wametangulia, nyuso zimefungwa. Hakuna aliyemwamkia Zebedayo.

Yeye alilizunguka kaburi polepole. Alichutama upande wa kichwa akafumba jicho moja, kama fundi anayepima ukuta. Akaenda upande wa miguu akachutama tena.

"Limenyooka," alisema. Kisha akasema na kaburi lenyewe: "Wamekuweza, Mzigua. Maisha yako yote hujanyooka hata siku moja, wakangoja nisiwepo wakakunyoosha. Unalalaje humo? Hukuzoea."

Mzee Hatibu alicheka. Kilimtoka bila kutaka, kisha kicheko kikageuka kilio, akajifunika uso kwa kofia. Na wengine hivyo hivyo. Watu waliokuwa wamekaa wakavu siku zote zile walicheka na kulia pamoja, na hapo nikaelewa mtani ana kazi gani.

Zebedayo akajilaza mchangani kandokando ya kaburi, chali, mikono kifuani, akafumba macho. "Siondoki hapa mpaka mfiwa anikomboe."

Kakake Shekhe, ambaye sasa uso wake ulikuwa umefunguka, akapiga hatua akitia mkono mfukoni. Zebedayo hakufumbua macho.

"Si wewe. Nyinyi mlifiwa mkalia, yamekwisha. Namtaka yule ambaye bado."

Mzee Hatibu alinitazama, kisha wote wakageuka kunitazama mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma, mahali pa msimamizi. Nilipita katikati yao nikasimama juu ya Zebedayo.

"Mfiwa ni mimi," nilisema.

Na niliposema ndipo niliposikia kwamba ni kweli. Nimefiwa na Shekhe. Sikumpitia alipokuwa mgonjwa, sikumlilia alipokufa, nilimzika huku nikisikiliza mvua. Nililia hapo mbele ya watu wangu, mtu mzima mwenye mvi, na sikujaribu kuficha. Nikawaambia kila kitu. Kwamba Zebedayo alikuja siku ile na jembe lake, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia abaki. Kwamba alinyamaza ili mimi nisivunjike. Kwamba hakumkimbia mtani wake.

Nilimpa mkono. Aliushika, akainuka, akajikung'uta mchanga. Alisema ukombozi ule ni mdogo, lakini Mwarabu hutoa alichonacho. Kakake Shekhe akamkumbatia, wakakaa hivyo muda mrefu.

Tulirudi kazini adhuhuri. Bwana Aslam alikuwa ameondoka. Tulishika majaruba ya mikoko sote kwa pamoja, na makarai yalipita kutoka mkono hadi mkono bila kugusa ardhi, sijapata kuona kazi kama ile. Lakini wingu lilipanda kutoka kusini alasiri, upesi, na mvua iliyoshuka haikuwa manyunyu. Jaruba la mwisho, lile kubwa kuliko yote, hatukuliwahi. Tulisimama ukingoni tukalitazama likiyeyuka. Lilikuwa jeupe, likawa la kijivu, likawa maji. Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia.

Alhamisi, 31 Machi

Mvua.

Jumapili, 3 Aprili

Pasaka. Mzee Hatibu na baadhi ya wenzake wamekwenda Muheza kwa akina Beatrisi. Mkewe Zebedayo ameuziwa samaki, na nasikia alipewa na wa nyongeza.

Jumanne, 5 Aprili

Bwana Aslam amekuja. Tulisimama pamoja mlangoni mwa ghala. Chumvi imepanda mpaka karibu na boriti, lakini halikujaa, na sote wawili tulikuwa tunaona nafasi iliyobaki. Nilimwambia kabla hajauliza: jaruba la mwisho nililipoteza mimi, kwa hiari yangu, na asubuhi ile ikirudi nitafanya vile vile.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akasema mnunuzi atachukua iliyopo, ila kwa kiasi hiki hawezi kufungua majaruba yote msimu ujao. Atafungua nusu, basi anahitaji nusu ya watu. Nichague.

Nilimwambia sichagui. Tulikuwa tumeshaongea bandani. Watazungukana, wiki hawa wiki wale, na kila wiki watachanganywa, hakuna fungu la hawa na la wale. Ngwe ya Shekhe, sehemu yake ya majaruba, haitapewa mtu, itakwanguliwa na wote na malipo yake yaende kwa Bi Mwanatumu. Nusu ya kazi ni nusu ya chakula, wanajua, na wamekubali. Bwana Aslam aliuliza kama nina hakika hawatagombana. Nikasema watatukanana kutwa nzima.

Akatikisa kichwa. Baadaye akasema tufanye hivyo, tuone. Alipokuwa anaondoka aliniuliza kaburi la yule bwana liko upande gani, nikamwonyesha.

Jumamosi, 9 Aprili

Masika yamekaa sasa. Majaruba yote ni bahari moja, na Mzee Hatibu ameufunga mlango wa maji. Leo watu wametawanyika kwenda mashambani kwao mpaka msimu ufunguliwe tena. Walipita mmoja mmoja ofisini kuniaga.

Zebedayo alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni, gunia kichwani kujikinga na mvua, akanitazama juu mpaka chini.

"Bwana Hisham, naona umekonda. Ukifa masika haya usijali. N'takuzika na gunia hili hili."

Waliokuwa nje wakasimama kusikiliza. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyepata kuniambia neno kama lile. Nikajua nimepewa nafasi ya nani, na kwamba siistahili, na kwamba haikatazwi kuipokea.

Nikamwambia: "Lichimbe kombo, tafadhali. Nisije nikalala."